Furu wa Ghuba ya Mwanza: Uzazi Wao na Chimbuko la Spishi Zao

Nungu wa baharini ni mnyama apendwaye na walimu wa elimu-viumbe wanapofundisha habari za utungisho. Mnyama huyu wa mviringo, ambaye watu wa pwani humfahamu zaidi kwa miiba yake iliyokatikia nyayoni, hamwendei mwenzake wala hatunzi watoto. Jike humwaga mayai baharini, dume humwaga mbegu zake, na kukutana kwa viwili hivyo huachiwa maji. Mayai yake ni angavu, hivyo mwanafunzi mwenye hadubini aweza kuona mbegu zikilizunguka yai, na baada ya muda mfupi aweza kuona yai lenyewe likigawanyika. Mwalimu wa Mkolani, upande wa kusini wa jiji la Mwanza, hana bahati hiyo. Nungu wa baharini na jamaa zake wote, kiti cha pweza na jongoo wa pwani wakiwamo, hawaishi katika maji yasiyo na chumvi. Hakuna hata mmoja wao katika Ziwa Victoria, wala katika ziwa lolote la maji baridi duniani.

Hasara hiyo yaweza kufidiwa. Magharibi ya Mkolani, baada ya kupita Nyegezi, imelala Ghuba ya Mwanza, mkono wa ziwa wenye urefu wa kilomita kama 60 unaoingia kusini katika nchi ya Wasukuma. Humo yumo samaki mdogo aitwaye furu, ambaye watoto humvua kwa ndoana na wapishi wengi humdharau kwa wingi wa miiba yake. Uzazi wa furu ni kinyume kabisa cha uzazi wa nungu wa baharini. Nao, katika muda wa miaka hamsini hivi, umewasaidia wataalamu kulijibu swali gumu katika elimu ya mageuko ya viumbe: spishi mpya hutokeaje, na je, spishi yaweza kupotea bila ya wanyama wake kuuawa?

Jina moja, spishi mia tano

Jina "furu" ni moja, lakini samaki wanaoitwa hivyo ni wengi. Waluo husema fulu na Waganda husema nkejje, nao pia hulitumia jina moja kwa kundi zima. Mvuvi hana kosa katika jambo hili. Furu wengi hawazidi urefu wa kiganja, na majike karibu wote wana rangi ya kijivu au manjano hafifu, hata mtaalamu hubabaika anapomwagiwa ndoo ya majike mbele yake. Kwa utaratibu wa kisayansi furu wamo katika jamii ya sikilidi, pamoja na sato na ngege. Katika Ziwa Victoria peke yake wamo zaidi ya spishi 500, na karibu zote hazipatikani mahali pengine popote duniani. Mojawapo ya zile za kwanza kupewa jina la kisayansi, Haplochromis obliquidens, ilielezwa na Mjerumani Hilgendorf mwaka 1888. Baadaye Mwingereza P. H. Greenwood, aliyekuwa akifanya kazi Jinja katika miaka ya 1950, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuzipambanua spishi hizo kwa kuchunguza meno, taya na mafuvu.

Meno na taya ndivyo vinavyofichua maisha ya furu. Wako wenye meno mafupi yaliyopangana kama brashi, wanaokwangua miani juu ya mawe. Wako wenye mifupa minene kooni, ambao husaga konokono pamoja na gamba lake; na wako wengine walao konokono hao hao kwa kumvuta nje kabla hajajificha. Wako walao wadudu, walao dagaa wa kamba wadogo, walao matope yenye mabaki ya mimea, na walao samaki wenzao. Wapo hata walao mayai na vichanga vya furu wengine, nao huvipata kwa hila moja tu: humvamia mama aliyevibeba mdomoni, wakamgonga au wakaufunika mdomo wake kwa mdomo wao, hata avitapike. Maisha ya mnyakuzi wa namna hiyo hayawezekani ila katika ziwa ambamo akina mama wenye kuatamia mdomoni wamejaa tele.

Sasa jambo la kustaajabisha ni umri wa mambo hayo yote. Mashapo yaliyochimbwa chini ya ziwa, ambayo taarifa yake mashuhuri ilichapishwa mwaka 1996, yalionyesha kwamba mwishoni mwa zama za barafu Ziwa Victoria lilikauka. Pale ambapo leo pana maji ya kilomita za mraba 68,800 palikuwa na mbuga na mabwawa. Maji yalirudi yapata miaka 16,000 iliyopita. Ina maana kwamba spishi hizo mamia, pamoja na meno na mapishi yao ya aina aina, zimejitenga katika muda huo, au sehemu kubwa ya kutengana kwao ilitukia humo. Kwa mageuko ya viumbe muda huo ni kama kufumba na kufumbua. Nungu wawili wa baharini wanaofanana hata mwanafunzi asiweze kuwatofautisha mara nyingi wametengana kwa miaka mamilioni.

Ukoo usiofanana na mti

Vitabu huchora ukoo wa viumbe kama mti: shina moja, matawi yanayoachana, wala hayarudiani. Mchoro huo wafaa kwa mengi, lakini kwa furu haufai sana. Mwaka 2017 Joana Meier, Ole Seehausen na wenzao walichapisha uchunguzi wa chembe za urithi za furu wa Ziwa Victoria na wa maziwa ya jirani, yaani Edward, George, Albert, Kyoga na Kivu. Walikuta kwamba spishi zote hizo, kama 700 kwa jumla, zinatokana na mchanganyiko wa koo mbili za samaki zilizokuwa zimeachana zamani sana. Ukoo mmoja ulikuwa na asili ya upande wa Kongo, na wa pili ulikuwa wa upande wa Mto Nile. Koo hizo zilikutana yapata miaka 150,000 iliyopita, labda wakati mito ilipobadili njia, zikazaana, na watoto wao wakarithi akiba kubwa ya tofauti.

Akiba hiyo ndiyo iliyofanya kazi maji yaliporudi. Mabadiliko mapya ya urithi hutokea polepole. Lakini ukoo uliochanganyika hauna haja ya kuyangoja, kwa kuwa tofauti tayari zimo ndani yake, nazo zaweza kupangwa upya kwa njia nyingi, kama mtu afumaye mikeka mingi ya nakshi mbalimbali kwa ukindu wa rangi chache. Hata baada ya hapo spishi zilizokwisha kutengana ziliendelea kuchanganyika mara kwa mara na kutengana tena. Mchoro ufaao zaidi ni ule wa Mto Rufiji unapokaribia bahari, mikono yake ikiachana, ikikutana na kuachana tena.

Mwaka 2023 ulitolewa ushahidi wa namna nyingine, nao ni meno. Meno madogo ya samaki yaliyohifadhiwa katika mashapo tangu ziwa lilipoanza kujaa yalionyesha kwamba furu hawakufika peke yao. Samaki wa jamii nyingine walikuwamo pia tangu mwanzo. Lakini ziwa lilipopanuka na kupata kina, furu ndio waliojigawa na kuenea kila mahali, ufukoni na katika kina kirefu. Basi nafasi ya kuishi iliwafikia wengi, na furu ndio walioitumia kuliko wote. Sehemu ya sababu imo katika uzazi wao.

Mayai ndani ya mdomo

Katika Ziwa Victoria zinapatikana njia za uzazi za namna namna, na ni vizuri kuzitazama pamoja. Sangara hufanana na nungu wa baharini: jike kubwa humwaga mayai mamilioni, mayai huelea, na mama huenda zake. Tilapia zillii, samaki aliyeletwa ziwani katika miaka ya 1950, hubandika mayai chini, na wazazi wote wawili huyalinda. Sato dume huchimba shimo mchangani, jike hutaga humo, kisha huyabeba mayai mdomoni na kuondoka. Wataalamu wanakubaliana kwamba katika jamii ya sikilidi ulinzi wa mayai chini ulitangulia, na kuatamia mdomoni kulitokea baadaye, tena zaidi ya mara moja katika matawi mbalimbali.

Furu wote wa ziwa hili huatamia mdomoni, na mwatamiaji ni mama peke yake. Dume hushika kieneo chake, huonyesha rangi zake na kutetemesha mwili mbele ya jike apitaye. Jike akikubali, wawili hao huzungukana. Jike hutaga mayai machache, akageuka mara moja na kuyachukua mdomoni, mara nyingi kabla hayajatungishwa. Kwenye pezi la chini la dume, nyuma ya tumbo, yapo madoa ya mviringo ya manjano au rangi ya chungwa, yaliyo na ukubwa wa yai. Jike huyasogelea na kuyadonoa, na wakati huo huo dume hutoa mbegu zake. Hivyo mayai hutungishwa ndani ya kinywa cha mama.

Mwaka 1962 Mjerumani Wolfgang Wickler alieleza kwamba madoa hayo ni mayai ya uongo, yaani jike hudhani amesahau mayai nyuma, akaja kuyaokota. Maelezo hayo yanapendeza mno, na pengine ndiyo sababu yamedumu katika vitabu. Majaribio ya baadaye juu ya jamaa za furu yameonyesha kwamba utungisho hufanyika hata madoa yakiondolewa, na kwamba madume huyatumia pia kutishana. Mwalimu atakayelitaja wazo la Wickler darasani na alitaje kama wazo.

Baada ya hapo mama huondoka na mzigo wake. Mayai ni machache, makumi kadhaa tu kwa wengi wao, lakini ni makubwa na yamejaa kiini. Kwa wiki mbili au tatu mama hali kitu, au hula kidogo sana, huku akiyageuzageuza mayai ili yapate hewa. Vichanga hutoka vikiwa samaki kamili wadogo, na kwa siku kadhaa baadaye, hatari ikitokea, hukimbilia kinywani mwa mama yao. Dume hana sehemu yoyote katika malezi.

Katika mpango huu gharama yote imemwangukia jike. Akichanganya mbegu na dume asiyefaa, hupoteza majuma kadhaa ya njaa. Dume akikosea hupoteza dakika chache. Hivyo jike huchagua sana, na madume hushindana kwa rangi. Nyekundu, buluu, manjano na nyeusi zinazoonekana kwa furu dume zote zimesababishwa na macho ya majike. Tena, kwa kuwa vichanga havielei mbali kama viluwiluwi vya nungu wa baharini, ambavyo mikondo huvichukua kwa majuma, watoto wa furu wa mawe huishi karibu na pale walipozaliwa. Kisiwa kimoja na kingine, vikitenganishwa na mchanga au matope, huwa kama nchi mbili.

Pundamilia wawili

Mwanza ni mji wa mawe, na visiwa vya ghuba yake vimeumbwa kwa miamba hiyo hiyo inayoonekana vilimani. Katikati ya mawe hayo chini ya maji huishi furu wawili wa jinasi ambayo mwaka 1998 ilipewa jina la Kiswahili, Pundamilia, kwa sababu ya mistari yao ya wima. Mmoja ni Pundamilia pundamilia, ambaye dume lake ni la rangi ya buluu na kijivu. Wa pili ni Pundamilia nyererei, ambaye dume lake lina mgongo mwekundu na mbavu za manjano. Huyu alielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1985 na Els Witte-Maas na Frans Witte, wakampa jina kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere, katika mwaka ule ule Mwalimu alipong'atuka urais. Majike ya spishi hizo mbili karibu hayatofautiani.

Wakitiwa pamoja katika tangi lenye mwanga mweupe, majike ya kila spishi huwachagua madume wa rangi yao. Seehausen na Jacques van Alphen walifanya jaribio lililo rahisi kueleweka hata kwa mwanafunzi wa kidato cha kwanza: walibadili taa. Chini ya mwanga wa rangi ya chungwa, ambao haumwezeshi samaki kutofautisha nyekundu na buluu, uchaguzi ule ulitoweka. Majike yaliwakubali madume wa spishi zote mbili. Zaidi ya hayo, watoto wa mchanganyiko huzaliwa wazima na huweza kuzaa. Basi mipaka ya spishi hizi haimo katika damu wala katika mayai. Imo machoni.

Mwanga wa ziwani nao hauko sawa kila mahali. Chembe za udongo na miani zilizotanda majini huufyonza kwanza mwanga wa buluu. Kadiri mtu anavyozama, ndivyo mwanga unaobaki unavyoelekea manjano na nyekundu. P. pundamilia hukaa karibu na uso wa maji, na P. nyererei hukaa chini zaidi. Katika jicho la samaki zimo protini zinazopokea mwanga, na mojawapo hupokea mwanga wa upande wa nyekundu. Furu hao wawili wana namna mbili za protini hiyo: ya P. nyererei imeelekea zaidi upande wa nyekundu, kama inavyomfaa mkaazi wa chini. Namna hizo mbili zinatokana na zile koo mbili za kale zilizochanganyika. Na katika jaribio lililotangazwa mwaka 2017, samaki waliolelewa katika mwanga wa kina kisichokuwa chao waliishi kidogo kuliko wale waliolelewa katika mwanga wao. Kwa hiyo jicho linalomfaa samaki kwa maisha ya kina fulani humfanya pia apende rangi fulani, na kwa njia hiyo kundi moja huanza kuwa makundi mawili.

Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2008 ulilinganisha visiwa kadhaa kutoka maji safi hadi maji machafu. Katika kisiwa cha Makobe, nje ya ghuba upande wa Speke, sahani nyeupe ikizamishwa huonekana hadi zaidi ya mita mbili. Hapo spishi mbili zimetengana wazi, wekundu kwa wekundu na buluu kwa buluu. Katika Visiwa vya Python, ndani ya ghuba, sahani hupotea kwenye mita moja hivi. Huko wapo wa aina mbili pamoja na wachache walio katikati. Kisiwa cha Luanso, kusini zaidi, kina maji mazito ambayo sahani hupotea kwenye nusu mita tu. Luanso hakuna spishi mbili. Lipo kundi moja, ambalo madume yake yana rangi za kila namna kati ya buluu na nyekundu, na wengi wao ni wa katikati. Si lazima iwe kwamba hapo spishi mbili ziliungana. Yawezekana kabisa hazikuwahi kutengana. Lakini ni dhahiri kwamba katika maji ya namna hiyo haziwezi kukaa mbalimbali.

Kufuli la yai na kufuli la jicho

Hapa ndipo inapofaa kumrudia nungu wa baharini. Yeye hana uchaguzi wa macho, hata hivyo spishi zake hazichanganyiki ovyo. Juu ya mbegu ya kiume ya nungu ipo protini iitwayo bindini, inayofanya kazi kama ufunguo: ikilingana na uso wa yai, mbegu hunasa, isipolingana, huachia. Katika baadhi ya jinasi, kama Echinometra, bindini za spishi zinazoishi pamoja hutofautiana sana. Liko pia kufuli la pili, nalo ni la wakati. Nyawira Muthiga, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2003 kuhusu matumbawe ya Kenya, alionyesha kwamba nungu wawili wa jinasi Diadema wanaoishi bega kwa bega hutoa mayai na mbegu katika siku tofauti za mwezi mwandamo. Wakikosana kwa siku chache tu, hawakutani milele.

Kufuli la nungu limo katika mwili wake mwenyewe. Maji yakichafuka, bindini haibadiliki. Kufuli la furu liko nusu ndani ya jicho na nusu katika maji anayotazamia. Ndiyo maana limeweza kutengenezwa upesi, na ndiyo maana laweza kuvunjwa upesi, pasipo mtu kumgusa samaki.

Yaliyotokea katika ghuba

Kabla ya kufikia maji, sharti yatajwe mambo mawili yaliyowapata furu kwa njia ya kawaida ya kuuawa. Tangu mwaka 1977 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, waliojulikana kwa kifupi kama HEST, walifanya kazi Mwanza, na baadaye walishirikiana na Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, TAFIRI, iliyoundwa mwaka 1980. Walivuta nyavu zao mara kwa mara kati ya Butimba na Kissenda, ng'ambo hadi ng'ambo. Wakati walipoanza, furu walikuwa ndio wingi wa samaki wa ziwa. Makadirio ya miaka ya 1969 hadi 1971 yaliwapa karibu asilimia 80 ya uzito wa samaki wote waishio karibu na sakafu ya ziwa. Meli za kukokota nyavu ziliwavua kwa ajili ya chakula cha mifugo, na kwa upande wa kusini wa ghuba upungufu ulianza kuonekana hata kabla ya adui wa pili.

Adui huyo ni sangara, aliyetiwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960. Kwa muda mrefu hakuonekana sana Mwanza. Kisha, katikati ya miaka ya 1980, akajaa ghafla. Katika vituo ambavyo HEST walikuwa wamevua zaidi ya spishi 123 za furu, kiasi cha 80 hazikupatikana tena baada ya mwaka 1986. Mama mwenye mayai thelathini hawezi kushindana na mama mwenye mayai mamilioni. Uzazi uliowafanya furu kuwa spishi nyingi haukuwafanya wawe hodari wa kujaza pengo. Wavu unaokokota majike yenye mimba za mdomoni huchukua vizazi viwili kwa mvuto mmoja, na samaki mlaji hufanya vivyo hivyo.

Furu wa mawe waliponea kwa sehemu kubwa, kwa kuwa sangara hapendi kuingia miambani. Lakini wao ndio wanaotegemea rangi kuliko wote. Vipimo vya miaka ya 1920 vilionyesha kwamba mbali na ufuko sahani nyeupe iliweza kuonekana hadi mita 7 hivi. Katika miaka ya 1990 ilipotea kati ya mita 1 na 3. Sababu zake zinafahamika kwa kila mkaazi wa bonde la ziwa: misitu iliyokatwa, udongo wa mashamba unaoteremka na mvua, maji machafu ya miji, na moshi wa kuchoma nyika unaorudi na mvua ukiwa na rutuba. Rutuba hiyo hulisha miani, na miani hufunika mwanga. Mwaka 1997 Seehausen, van Alphen na Witte walitangaza kwamba katika sehemu zenye maji mazito furu wana rangi hafifu zaidi na spishi zinazoishi pamoja ni chache zaidi. Jike asiyeweza kuona rangi humpokea dume yeyote. Watoto wake ni wazima, wajukuu wake ni wazima, mvuvi hajaona upungufu wowote katika ndoo yake. Na huku spishi mbili zimekwisha kuwa moja.

Si habari zote ni za msiba. Tangu miaka ya 1990, sangara walipopungua kwa kuvuliwa sana, baadhi ya furu walirudi. Mmoja wao ni Haplochromis pyrrhocephalus, ambaye zamani alikula vijidudu vinavyoelea. Aliporudi alikuwa na matamvua makubwa zaidi, yanayomwezesha kupumua katika maji yenye hewa kidogo, na alikula mawindo makubwa kuliko yale ya babu zake. Mabadiliko hayo yalitukia katika miongo miwili. Spishi nyingine hazikurudi. Nyingi kati ya hizo zimo katika chupa za vileo katika jumba la makumbusho la Leiden, na baadhi hazijapata kupewa jina la kisayansi. Zinajulikana kwa majina ya utani waliyozipa wachunguzi juu ya mashua.

Kipimo kwa wanafunzi

Shule iliyo karibu na ziwa yaweza kupima uwazi wa maji kwa gharama ndogo. Huhitajika bamba la bati la mviringo lenye upana wa sentimita 20, lililopakwa rangi nyeupe, lenye uzito chini yake na kamba iliyofungwa mafundo kila baada ya sentimita 10. Bamba huteremshwa kutoka mashuani, upande wenye kivuli, kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Huandikwa kina ambacho bamba hupotea, kisha hupandishwa polepole na kuandikwa kina ambacho huonekana tena. Wastani wa viwili hivyo ndio jibu. Wanafunzi wasiingie majini kwa miguu, kwa sababu ya kichocho, na mtu mzima ajuaye kuogelea awe pamoja nao. Pawekwe daftari moja lenye tarehe, mahali, hali ya upepo na siku ya mvua ya mwisho, na kipimo kirudiwe mahali pale pale kila mwezi, wakati wa kiangazi na wakati wa masika. Tarakimu zitakazopatikana zaweza kuwekwa kando ya zile za Makobe, mita mbili na zaidi, na za Luanso, nusu mita.